Usikate Mkono wa Shati Kabla ya Kupima

Leo nataka kukueleza habari ya shati. Ni habari ndogo. Lakini ilinifundisha jambo kubwa nyumbani kwangu.

Je, nyumbani kwako kuna shati la mikono mirefu ambalo halivaliwi? Labda mikono yake imechakaa mwishoni, pale penye kifungo. Labda ni mirefu mno kwa mtoto. Labda joto linakuzuia kulivaa. Shati la namna hiyo si la kutupa. Unaweza kulipunguza mikono wewe mwenyewe, kwa sindano na uzi, hata kama huna cherehani.

Mimi nimefanya hivyo. Lakini kabla ya kuweza, niliharibu. Nitaanza na habari ya kuharibu, ili wewe usiharibu.

JUMAPILI NILIYOHARIBU

Mimi ninakaa Chamazi, katika Wilaya ya Temeke, Mkoa wa Dar es Salaam. Zamani huku kwetu kulikuwa mashamba. Kulikuwa na minazi, mikorosho na miembe. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa viwanja. Watu wamehamia kutoka kila upande. Wengine walitoka Kurasini, walipohamishwa kupisha upanuzi wa bandari. Nyumba zimekuwa nyingi, maduka yamekuwa mengi, na tuna uwanja mkubwa wa mpira wa Azam. Lakini kwa wengi wetu fedha ya matumizi bado ni ya kuhesabu.

Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, mke wangu alisafiri kwenda Kibiti kumwuguza mama yake. Mimi nilibaki na watoto. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Mtoto wetu wa kiume alikuwa anaingia darasa la tano, na shati lake la mwaka uliopita halikumtosha tena. Nilipanda daladala mpaka Mbagala Rangi Tatu. Nikanunua shati jeupe la mtumba kwa shilingi 3,000. Lilikuwa zima na safi. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Lilikuwa la mikono mirefu, na shuleni kwao wanafunzi huvaa mikono mifupi.

Nilikwenda kwa fundi cherehani. Nilimkuta amezungukwa na rundo la sare za wanafunzi. Akaniambia nirudi baada ya siku nne. Shule ilikuwa inafunguliwa kesho yake.

Nikasema moyoni, "Kupunguza mikono ya shati ni kazi gani?" Nikaazima mkasi.

Nililaza shati kitandani. Nikalikunja katikati, mkono juu ya mkono. Sikupima. Nilitazama kwa macho tu, nikakata mikono yote miwili kwa pamoja. Nilipolifungua, nikaona mkono mmoja umezidi mwenzake kwa vidole viwili. Nikaukata ule mrefu. Nikatazama tena. Sasa ule mwingine ndio ukawa mrefu. Nikakata. Kila nilipokata huu, ule ukazidi.

Mwishowe ikawa sawa kidogo. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bado sijakunja pindo. Nikakunja. Mikono ikapanda tena, ikafika karibu na kwapa. Uzi mweupe sikuwa nao. Nikashona kwa uzi mweusi.

Asubuhi mtoto alilivaa. Hakusema neno. Aliniamkia, "Shikamoo baba," akachukua madaftari yake. Nikaona amechukua na sweta lake. Nilishangaa kidogo, maana Januari kwetu ni mwezi wa joto kali. Lakini sikuuliza.

Jumatatu alivaa sweta. Jumanne alivaa sweta. Jumatano vile vile. Alhamisi jioni niliona shingo yake imejaa vipele vya joto.

Nikamwuliza, "Una homa?"

"Hapana, baba."

"Basi kwa nini unavaa sweta kwenye jua lote hili?"

Akainama. Mdogo wake wa kike ndiye aliyejibu. "Wanamcheka shati lake, baba. Wanasema amevaa fulana ya mcheza mieleka."

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Mtoto wangu alikuwa amevumilia joto siku nne, ili asije akanieleza mimi baba yake kwamba nimekosea. Usiku ule nilimwomba radhi. Si kawaida yetu wazazi kumwomba radhi mtoto. Lakini kosa ni kosa.

MWALIMU WANGU WA SINDANO

Kesho yake nilikwenda kwa jirani yangu. Ni mama mtu mzima, mwenyeji wa Rufiji. Kushona alijifunza ujanani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umebeba shati kama umebeba mgonjwa?"

Nikamweleza. Akalitazama shati ndani na nje. Hakucheka. Akauliza, "Vile vipande ulivyokata viko wapi?"

"Viko nyumbani, sijavitupa."

"Basi mgonjwa wako atapona. Kavilete."

Nilivileta. Nilidhani atalishona yeye. Badala yake alinirudishia shati pamoja na sindano. Akasema, "Kaa hapa ushone. Mwenye shati ni mwanao."

Nikamwambia kwamba mimi mwanamume, kazi ya sindano siiwezi. Akaniuliza, "Wale mafundi wanaoshona barazani kule sokoni, ni wanawake?" Nikakosa jibu. Kweli, wengi wao ni wanaume. Sindano haimwulizi mtu kama yeye ni baba au mama.

Kwanza nilifumua ule uzi mweusi kwa ncha ya wembe. Halafu tulifungua vile vipande vya mikono, tukavipiga pasi. Kutoka kila kipande nilikata utepe mrefu wa kutosha kuzunguka mkono wa shati. Nikaukunja utepe mara mbili, nikauunganisha mwishoni mwa mkono kwa uzi mweupe. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Nilijichoma vidole mara nyingi. Lakini mikono ya shati ilishuka mpaka karibu na kiwiko, na ule utepe ukaonekana kama pambo.

Jumatatu iliyofuata mtoto alikwenda shule bila sweta. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akapinda kona.

NAMNA YA KUPUNGUZA MIKONO

Yule mama alinifundisha kazi hii tangu mwanzo. Nami nakueleza wewe kama alivyonieleza.

Tafuta vitu hivi: mkasi mkali, sindano nyembamba, uzi wa rangi ya shati, pini chache, chaki, na futi ya kupimia. Kama chaki huna, tumia kipande kikavu cha sabuni kwa shati la rangi. Kwa shati jeupe tumia penseli, uchore kidogo tu. Kama futi huna, tumia kamba. Ipige fundo mahali kipimo kinapoishia.

Kwanza, fua shati, lianike, likauke, ulipige pasi. Kitambaa kipya cha pamba hurudi kikifuliwa. Ukikata kabla ya kufua, mkono unaweza kuwa mfupi kuliko ulivyotaka.

Pili, mvalishe shati mwenye nalo. Asimame wima, mikono yake ishuke. Weka alama pale mkono wa shati unapotakiwa kuishia. Watu wengi hupenda uishie vidole viwili au vitatu juu ya kiwiko. Mwambie akunje mkono, kisha auinue. Kama anajisikia vizuri, alama ni nzuri.

Tatu, avue shati. Pima kutoka mshono wa bega mpaka kwenye alama. Tuseme umepata sentimita 22. Sasa nenda kwenye mkono wa pili. Pima nao kutoka mshono wa bega, sentimita 22. Usilaze mkono mmoja juu ya mwingine kama nilivyofanya mimi. Chora mstari kuzunguka kila mkono. Mstari huu ni wa kukunjia. Usiukate!

Nne, shuka sentimita 3 chini ya mstari huo. Chora mstari wa pili. Huu ndio mstari wa kukata. Sentimita hizo 3 ni za pindo. Kama unapima kwa vidole, acha upana wa vidole viwili.

Tano, pima tena yote uliyopima. Kisha kata mkono mmoja. Halafu kata wa pili.

Sita, hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Mkono wa shati ni mpana juu na mwembamba chini. Ukikunja pindo kwenda juu, ile ncha nyembamba inakutana na sehemu pana. Pindo linakaza, na kitambaa kinafanya makunyanzi. Dawa yake ni hii. Tazama ule mshono unaotoka kwapani kushuka chini. Ufumue kwenye zile sentimita 3 tu. Sasa pindo litapanuka na kulala vizuri. Pale unapoishia kufumua, piga mishono miwili mitatu ya nguvu, ili mshono usiendelee kufumuka.

Saba, kunja ukingo sentimita 1 kwa ndani, upige pasi. Kisha kunja tena sentimita 2, mpaka kwenye mstari wa kukunjia. Hivyo ukingo uliokatwa unajificha, wala nyuzi hazitachomoka. Shika kwa pini. Piga bandi, yaani mishono mikubwa ya muda. Mvalishe tena mwenye shati. Kama kuna kosa, bado unaweza kurekebisha.

Nane, shona pindo. Shika nyuzi mbili au tatu tu za kitambaa cha nje, kisha pitisha sindano kwenye ukingo wa pindo. Endelea hivyo hivyo, mishono midogo iliyo karibu karibu. Usivute uzi kwa nguvu. Ukimaliza, funga uzi, ondoa bandi, na piga pasi.

Vile vipande vya chini usivitupe. Ondoa vifungo vyake uviweke kwenye kopo. Kitambaa chake kitakupa kiraka cha kola, mfuko wa shati, au leso. Mimi vilinipa hata mikono ya shati.

Nina maonyo mawili. Hesabu sindano na pini zako kabla na baada ya kazi. Sindano iliyopotea mkekani humngoja mtoto anayetambaa. Tena, kama unatumia pasi ya mkaa, usiitumie katika chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala haina harufu, nayo inaua. Fungua mlango na dirisha, au piga pasi barazani.

MASHATI YETU YANATOKA WAPI?

Wazee watakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini hali ya uchumi ilikuwa ngumu. Nguo madukani zilikuwa adimu. Mtu alikuwa na shati moja la kazi na moja la sikukuu. Mkono ukichakaa, ulikatwa. Kola ikichakaa, iligeuzwa upande wa pili. Hakuna aliyeona haya.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa nchini. Baada ya hapo nguo zilizokwisha kuvaliwa zilienea sana sokoni. Tunaziita mitumba, kwa sababu huja zimefungwa katika mitumba, yaani mizigo mikubwa. Wengine waliziita kafa Ulaya, kana kwamba mwenye nguo amefariki huko na sisi tumerithi.

Nguo hizi hazikushonwa kwa ajili yetu. Nyingi zilishonwa kwa watu wa nchi za baridi. Ndiyo maana mashati ya mikono mirefu ni mengi, na sisi wa pwani tunahitaji mifupi. Hata viongozi wetu walilijua jambo hili. Wengi walivaa suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia. Mara nyingi koti lake huwa la mikono mifupi, wala halihitaji tai.

Jambo jingine la kufikiri ni hili. Wakulima wetu wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza wanalima pamba. Sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nchi za nje kabla ya kufumwa. Huko husokotwa nyuzi, hufumwa vitambaa, hushonwa mashati. Pengine shati la mtumba unalolivaa lilianza safari yake shambani kwa Mtanzania mwenzako. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vikue. Mpaka leo mitumba bado imejaa masokoni. Viwanda vitahitaji mitaji mikubwa. Lakini sindano haihitaji mtaji mkubwa. Hiyo tunaweza kuanza nayo leo.

SHATI LA MAREHEMU BABA

Sasa nimalizie na shati la tatu. La kwanza lilikuwa la mtumba. La pili ni lile lile, baada ya kupona. La tatu ni la baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa korosho hapa hapa Chamazi. Alipofariki, nguo zake ziligawanywa kwa ndugu. Mimi nilipata shati la rangi ya samawati, la mikono mirefu. Alilivaa siku za Idi na siku za kupiga kura. Baba alikuwa mrefu kuliko mimi. Mikono ya shati ilinifunika vidole. Tena mwishoni ilikuwa imechanika, pale alipozoea kuikunja.

Sikulivaa. Sikuligawa. Mkasi niliuogopa. Niliona kama kulikata shati lile ni kumkata baba mwenyewe. Nikaliweka sandukuni miaka minne.

Baada ya mambo ya shati la shule, nililifungua sanduku. Nikakuta mende wameanza kula kola. Nilimwonyesha yule mama jirani. Akaniambia, "Mwanangu, unadhani umeliweka kwa heshima. Umewawekea mende."

Siku ya Jumamosi nilitandika mkeka barazani. Mwanangu alikuja mwenyewe, sikumwita. Nilivaa shati la babu yake, naye akaniwekea alama kwa chaki. Akapima kutoka begani, akasoma namba kwa sauti. "Sentimita 25, baba." Akapima mkono wa pili. "25." Nikachukua mkasi.

Akanishika mkono. "Baba, hujaongeza tatu za pindo."

Tulicheka sote wawili. Kilikuwa kicheko cha kwanza juu ya jambo lile tangu siku ya sweta.

Tukaongeza tatu. Nikakata. Kwa kipande kimoja nikatia kiraka kwenye kola, mahali palipoliwa na mende. Kwa kuwa ni kitambaa kile kile, hakionekani isipokuwa ukitazama kwa karibu. Wiki iliyofuata ulikuwako mkutano wa wazazi shuleni. Nililivaa shati lile. Mtoto aliniangalia juu mpaka chini, akasema, "Limekukaa, baba."

Mke wangu aliporudi kutoka Kibiti, aliliona limeanikwa kwenye kamba. Akauliza ni fundi gani aliyelishona. Nikamwonyesha vidole vyangu.

NAWE UJARIBU

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma ukubwani au utotoni. Ulianza na herufi moja, ukakosea, ukafuta, ukaandika tena. Sindano nayo ni hivyo hivyo. Anza na shati kuukuu lisilo na kazi. Usianze na shati la shule la mtoto. Kama hapo kijijini yuko anayejua kushona, mwombe akufundishe. Kama wewe ndiye unayejua, wafundishe wengine, wanawake kwa wanaume, wavulana kwa wasichana.

Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Kitambaa nacho kikikatwa hakiungani chenyewe. Pima, kisha pima tena, kisha ndipo ukate. Na ukikosea, usione haya kusema kwamba umekosea. Ukinyamaza, mtu mwingine atavaa sweta juani kwa ajili yako.